Rangi za Mabata

Nguo ina kazi mbili. Ya kwanza ni kumsitiri aliyeivaa. Ya pili ni kumweleza mtazamaji habari za aliyeivaa. Kazi ya kwanza twaijua tangu utotoni. Kazi ya pili twaisahau upesi, ingawa kila asubuhi mwanafunzi avaapo sare huwa amelivaa jina la shule yake. Akitenda jema au baya njiani, watu husema, "Yule ni wa shule fulani," hata kabla hawajalijua jina lake mwenyewe.

Mwaka uliopita jambo dogo lilitukia katika shule ninayofundisha. Jezi za timu yetu ya kandanda zilikuwa zimechakaa. Rangi yake ya damu ya mzee ilikuwa imepauka kwa jua na sabuni, na namba mbili tatu zilikuwa zimebanduka. Mfanyabiashara mmoja alijitolea kutununulia jezi mpya kwa sharti moja: ziwe na rangi za duka lake, na alama ya duka ikae kifuani, mahali pa nembo ya shule. Wachezaji walishangilia, baadhi ya wenzao darasani walinung'unika. Nahodha akaniuliza mbele ya wote, "Mwalimu, je, rangi ndiyo itakayotufungia mabao?" Sikuwa na jibu. Swali lilikuwa la haki, nami nikaona kwamba yafaa kulitazama kwa mfano wa timu iliyolijaribu jambo hili kwa miaka mingi, mbele ya macho ya watu wengi. Timu hiyo ni ya Chuo Kikuu cha Oregon, nchini Marekani.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe. Wamarekani wakitaja kandanda hawana maana ya mpira wetu wa miguu. Mchezo wao wakaribiana na raga: mpira una umbo la yai, huchukuliwa na kurushwa kwa mikono, na kila upande una wachezaji 11 uwanjani. Wachezaji hugongana kwa nguvu, na kwa hiyo huvaa kofia ngumu kichwani na pedi mabegani chini ya jezi. Vyuo vikuu vya huko vina timu ambazo mechi zake hutazamwa na makumi ya maelfu ya watu viwanjani, na mamilioni zaidi katika televisheni. Sare ya timu kama hiyo ni bendera ya chuo. Wazee waliohitimu zamani huivaa siku ya mchezo, na watoto ambao hawajaanza shule hununuliwa ya kimo chao.

Chuo Kikuu cha Oregon kiko katika mji wa Eugene, upande wa magharibi wa Marekani, si mbali sana na Bahari ya Pasifiki. Ni nchi ya mvua nyingi na misitu mikubwa. Timu yake ilianza kucheza mwaka wa 1894. Rangi za chuo ni kijani na manjano. Zamani wachezaji waliitwa Webfoots, yaani wenye miguu ya utando kama ya bata, na baadaye wakaitwa Ducks, yaani Mabata. Katika mwaka wa 1947 mkuu wa michezo wa chuo, Leo Harris, alipatana na Walt Disney kwa kupeana mkono tu kwamba chuo kiweze kutumia sura ya Donald Duck, yule bata wa katuni ajulikanaye duniani kote. Basi timu hii ilikuwa na mali tatu ambazo hazikununuliwa dukani: kijani, manjano na bata.

Katika miongo ya kwanza sare za timu za vyuo zilibadilika, na takriban kila badiliko lilikuwa na sababu iliyoonekana uwanjani. Wachezaji wa kale walivaa sufu nzito na turubai, kwa kuwa nguo nyepesi ilichanika upesi. Kofia zao zilikuwa za ngozi laini, na wengine walicheza bila kofia kabisa. Katika mwaka wa 1937 kanuni za vyuo ziliagiza kila mchezaji awe na namba mgongoni na kifuani, ili mwamuzi na mtazamaji wamtambue. Katika mwaka wa 1939 kofia ikawa lazima, na mwaka huo huo kofia ya plastiki ikaanza kutengenezwa. Hata mapambo yalikuwa na kazi. Mwaka wa 1938 kocha Fritz Crisler wa Chuo Kikuu cha Michigan alizipaka kofia za timu yake rangi ya manjano na buluu kwa umbo la mbawa, akiwa na nia kwamba mrusha mpira awatambue wenzake walio mbali. Umbo lile halikuachwa tena, na leo ni alama ya chuo hicho. Huo ni mfano mzuri wa pambo lililozaliwa na kazi.

Nguo za Oregon nazo zilifuata mwendo huo wa utulivu kwa muda mrefu. Tuitazame sare ya mwaka wa 1994, kwa kuwa ndiyo ipendwayo na wengi waliokuwapo. Kofia ilikuwa ya manjano, na juu yake herufi U na O zimeshikana kwa rangi ya kijani. Jezi ilikuwa ya kijani yenye namba za manjano, na suruali ya manjano. Hapakuwa na ustadi mkubwa ndani yake. Fundi wa kawaida angeliweza kuishona. Lakini tarehe 22 Oktoba mwaka huo, katika mechi na Chuo Kikuu cha Washington, mahasimu wao wa jadi, kijana Kenny Wheaton aliudaka mpira wa wapinzani walipokuwa karibu kabisa na kupata ushindi, akakimbia nao yadi 97 hadi mwisho wa uwanja. Oregon walishinda kwa 31 dhidi ya 20. Tarehe 2 Januari 1995 walicheza katika shindano la Rose Bowl, heshima ambayo hawakuipata kwa miaka 37. Walishindwa, lakini sare ile ikawa na hadithi. Tangu siku hiyo mtu wa Eugene aionapo kofia ya manjano yenye herufi mbili za kijani, humwona kijana akikimbia.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 1 Januari 1996, Oregon walishindwa vibaya na Colorado katika shindano la Cotton Bowl, kwa 38 dhidi ya 6. Miongoni mwa walioumia moyo alikuwa Phil Knight. Mtu huyu alikuwa mkimbiaji wa chuo hicho katika miaka ya 1950, akifundishwa na kocha Bill Bowerman. Mwaka wa 1964 wawili hao walianzisha kampuni ya viatu iliyokuja kuitwa Nike. Knight akauliza ni nini kinachohitajika ili timu isonge mbele, kisha akasaidia kwa mali na kwa mafundi wake. Mwaka wa 1999 timu ilitoka katika sare mpya kabisa. Kijani kilikolezwa hadi kikakaribia weusi. Herufi mbili zilizoshikana ziliondolewa, ikabaki O peke yake. Wachoraji, mmoja wao Tinker Hatfield ambaye naye alisoma na kushiriki michezo chuoni hapo, walieleza kwamba mstari wa ndani wa herufi hiyo wafuata umbo la uwanja wa mbio wa Hayward Field, na mstari wa nje wafuata uwanja wa Autzen, ambamo kandanda huchezwa.

Mimi naisifu herufi ile. Ni nyepesi kwa macho, yakumbukika, na mizizi yake i katika ardhi ya chuo chenyewe. Kama kazi ingelikoma hapo, pasingelikuwa na mengi ya kuhakiki.

Lakini haikukoma. Mwaka wa 2006 mabega na magoti ya sare yalichorwa mistari kama ya bamba la chuma. Mwaka wa 2009 michoro hiyo iliondoka, yakaja manyoya ya mbawa mabegani. Timu ikawa na kofia, jezi, suruali na soksi za rangi nyingi, zikapangwa na kupanguliwa hata mtazamaji asijue Jumamosi ijayo Mabata watavaa nini: kijani, manjano, nyeusi, nyeupe, kijivu au rangi ya chuma. Tarehe 2 Januari 2012, waliporudi katika Rose Bowl, walivaa kofia ziking'aa kama kioo, wakawashinda Wisconsin kwa 45 dhidi ya 38.

Sasa na tuwape watetezi wa mwendo huu nafasi yao, maana mhakiki asiyesikiliza upande wa pili ni hakimu mbaya. Hoja yao ya kwanza ni kwamba Oregon iko mbali na miji mikubwa, na vijana hodari wa mchezo hawakuijua. Sare za ajabu ziliwafanya watazame, na kutazama kukawaleta. Hoja hii haiwezi kupuuzwa. Tarehe 1 Januari 2002 Oregon waliwashinda wale wale Colorado kwa 38 dhidi ya 16. Walifika katika mchezo wa mwisho wa kugombea ubingwa wa taifa mara mbili, Januari 2011 na Januari 2015, na Marcus Mariota, kijana kutoka visiwa vya Hawaii, alipata tuzo ya Heisman ya mwaka 2014, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo vyote. Nguo haikuyafanya hayo peke yake. Walikuwako makocha, viwanja na fedha. Lakini nguo ilikuwa mpiga mbiu wao.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Wasema kwamba upya wenyewe ndio asili ya Oregon. Bowerman, mwalimu wa Knight, alikuwa mtu wa kujaribu mambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alimimina mpira wa kuyeyuka katika chombo cha nyumbani kwake cha kuokea mikate yenye vishimo, ili apate soli nyepesi ya kiatu itakayoshika ardhi vema. Chombo kiliharibika, lakini wazo lilifaulu. Basi, wasema watetezi, timu ya chuo hicho ibadilipo nguo haiiachi asili yake, bali yaifuata.

Nakubali nusu ya hoja hii. Bowerman alibadili soli ili mkimbiaji akimbie vizuri zaidi. Aliianza kazi yake kwa mguu wa mtu. Badiliko likianza kwa haja ya mvaaji, au kwa kumbukumbu ya watu wake, ni ubunifu. Likianza kwa haja ya muuzaji, ni tangazo. Kipimo hicho kitatusaidia kuzipima sare tatu zilizofuata.

Ya kwanza ni ya Oktoba 2013. Katika mechi na Washington State, Mabata walivaa kofia za waridi. Rangi hiyo haikuwa ya chuo hata kidogo, lakini kila mtazamaji aliielewa. Ilikuwa ishara ya kupambana na saratani ya matiti, na baadhi ya kofia hizo ziliuzwa kwa mnada ili kuchangia mapambano hayo. Hapa timu iliiacha rangi yake kwa siku moja ili iseme neno kubwa kuliko yenyewe. Mgeni akija kwa haja njema, mwenyeji humpisha kiti. Naihesabu sare hii kuwa njema.

Ya pili ni ya Oktoba 2014. Mabata walipokutana tena na Chuo Kikuu cha Washington, walirudi katika mavazi ya mwaka wa 1994: kofia ya manjano, herufi zilizoshikana, jezi ya kijani. Ilikuwa heshima kwa wale waliotangulia, miaka 20 tangu mbio za Wheaton. Ni ajabu kwamba timu yenye kabati kubwa namna ile iligusa mioyo ya watu wake ilipovaa nguo ya zamani.

Ya tatu ni ya tarehe 12 Januari 2015, siku kubwa kuliko zote. Oregon walicheza na Ohio State kugombea ubingwa, katika msimu wa kwanza wa utaratibu mpya wa mashindano ya vyuo. Taifa zima lilitazama. Siku hiyo Mabata walitokea katika jezi nyeupe na suruali ya kijivu. Kijani hakikuonekana katika jezi wala suruali, na manjano hali kadhalika. Jambo la kushangaza zaidi ni hili: kijivu, pamoja na nyekundu, ndizo rangi za Ohio State. Watu wa Eugene waliongoja siku kama hiyo maisha yao yote waliwaona vijana wao wakiingia uwanjani bila rangi yao, tena wakiwa na rangi ya mpinzani mwilini. Walishindwa kwa 42 dhidi ya 20.

Sisemi kwamba walishindwa kwa sababu ya nguo. Mhakiki asemaye hivyo ni mpiga ramli. Huenda wangalishindwa hata kama wangevaa kijani kibichi toka utosini hadi unyayoni. Nasema tu kwamba katika saa ambayo timu ilipaswa kujitaja jina, nguo yake ilinyamaza. Wahenga walisema: Mwacha asili ni mtumwa. Nami naona kwamba siku ile sare haikuwa mtumishi wa chuo, bali ilitumikia mazoea ya kuwa na kitu kipya kila mara.

Msomaji asidhani, hata hivyo, kwamba nasifu kila nguo isiyobadilika. Wale walioishinda Oregon katika Rose Bowl ya mwaka 1995 walikuwa Penn State, timu ijulikanayo kwa nguo zisizo na mapambo: jezi ya buluu, suruali nyeupe, kofia nyeupe yenye mstari mmoja wa buluu, bila majina mgongoni. Hata wao hawakuanza hivyo. Rangi zao za kwanza, katika miaka ya 1880, zilikuwa waridi na nyeusi, lakini waridi ilipauka kwa jua hadi ikawa nyeupe, na mwaka wa 1890 wakachagua buluu na nyeupe. Desturi yao, basi, iliamuliwa na jua. Watu wengi waliisifu sare ile kuwa ni picha ya unyenyekevu na uadilifu. Lakini katika mwaka wa 2011 ilifichuka kwamba aliyekuwa kocha msaidizi wa timu hiyo alikuwa amewadhulumu watoto kwa miaka mingi, na mwaka wa 2012 alihukumiwa. Chuo kikaadhibiwa, na wachezaji wakaruhusiwa kuhama. Waliobaki waliandikwa majina yao mgongoni katika msimu wa 2012, kwa heshima ya kubaki kwao, na mwaka wa 2015 majina yakaondolewa. Nguo nyepesi ya miaka mingi haikuzuia uovu. Rangi ya zamani yaweza kuwa ukumbusho, wala si kinga.

Laiti nguo ingelikuwa na masikio, kuna swali moja ambalo ningelipenda kuiuliza: ni nani anufaikaye nawe? Katika miaka ile yote ya kofia za kioo, vijana walioivaa sare ya Oregon walipewa masomo, lakini hawakulipwa mshahara, ingawa picha zao ziliitangaza kampuni mbele ya mamilioni na jezi zenye namba zao ziliuzwa madukani. Hayo yalikuwa katika vyuo vyote vikubwa, si Oregon peke yake. Ni tangu Julai 2021 tu ambapo wanamichezo wa vyuo wameruhusiwa kujipatia fedha kwa majina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vyaweza kuwagawia sehemu ya mapato. Kwa muda mrefu, basi, mvaaji alikuwa kibao cha tangazo asichokodiwa. Hili ni kosa kubwa kuliko rangi ya kijivu.

Niliyaeleza hayo yote darasani, kwa ufupi zaidi kuliko nilivyoyaandika hapa. Nahodha alisikiliza, kisha akasema kwamba wale wa Oregon angalau walikuwa na jezi za kuchagua. Darasa likacheka, nami nikacheka, kwa maana alisema kweli. Siku ya pili wachezaji walikutana bila mimi. Wakamwandikia mfanyabiashara barua ya adabu, wakimshukuru na kumwomba kwamba rangi ibaki ya shule na nembo ibaki kifuani, nayo alama ya duka ikae mgongoni juu ya namba. Hakujibu. Muhula uliofuata tulicheza na jezi zile zile zilizopauka, na katika mechi moja beki wetu alimaliza mchezo bega lake likiwa wazi. Siwezi kuwaambia wanafunzi kwamba uamuzi wao haukuwa na gharama. Ulikuwa nayo, na walioilipa ni wao.

Ila nimwambie msomaji jambo moja. Itakapokuja zawadi nyingine, nayo itakuja, asiikatae kwa kiburi wala asiipokee kwa pupa. Aulize kwanza: Nguo hii yasema nini juu yetu? Nani aliyeichagua? Nani atakayenufaika tukiivaa? Na mzee aliyesoma hapa miaka 30 iliyopita, akipita kando ya uwanja, atatutambua? Yakipata majibu mema maswali hayo, na avae, hata kama rangi ni mpya. Yasipopata, afadhali sindano na uzi.